Wimbo ukiidai serikali, deni ni la nani?

Foleni ilikuwa imekaa muda mrefu, hadi abiria wakaanza kuongea na watu wasiowajua. Redio ya daladala ikapiga wimbo wa hip hop wa zamani, wa walalahoi na vigogo, na konda akaongeza sauti. Mzee aliyekaa nyuma ya dereva akaguna: "Hawa vijana kila kitu serikali. Serikali imekukataza kulima?" Kijana aliyening'inia mlangoni akajibu bila kugeuka: "Shikamoo mzee. Shamba lenyewe analo nani?" Gari zima likacheka, kisha likagawanyika pande mbili, na tuliposogea hakuna aliyekuwa amemshawishi mwenzake.

Nimeusikia ubishi huo mara nyingi: vijiweni, kwenye vibanda vya kahawa, kwenye simu baada ya wimbo fulani kusambaa na mwimbaji kuitwa polisi. Huwa haufiki popote, na nadhani sababu ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mzee na yule kijana wote walisema serikali "inahusika" au "haihusiki", lakini kila mmoja alikuwa na maana yake. Tulifumbue fundo hilo taratibu, tukianza na maneno yenyewe.

Wimbo wa kiharakati ni upi? Wengi watakwambia ni ule unaoikosoa serikali. Maana hiyo ina mapengo. Wimbo wa mapenzi ukipigwa mazishini unakuwa wa maombolezo, na hali ni hiyohiyo huku. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, moja ya nyimbo zilizotawala ilikuwa "Anguka Nayo" ya kundi la Wadagliz. Ule ni wimbo wa kucheza, haukutungwa kumshtaki mtu. Umati ndio ulioupa kazi mpya. Kwa hiyo tusitazame mashairi peke yake. Tutazame pia nani anaimba, wapi, na mbele ya nani.

Wala tusidhani mambo haya yaliletwa na hip hop. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba Unguja ya kikoloni wimbo unaoitwa "Kijiti". Ni kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akavuka bahari kukimbilia bara, na wenyeji wa kike wa marehemu, waliofika mahakamani kutoa ushahidi, ndio wakaishia kuadhibiwa. Hakuna neno "serikali" la kupigiwa kelele humo. Lakini kila aliyekaa barazani akiusikiliza alielewa kwamba mahakama ile ilikuwa na mizani mbili, na alijua yeye angepimwa kwa ipi.

Neno la pili linalotuchanganya ni umaskini, kwa sababu tunalichukulia kama ndugu pacha wa kukosekana kwa usawa. Fikiria sinia moja la watu kumi. Sinia likiwa dogo kiasi kwamba hata mkigawana sawasawa hamshibi, huo ni umaskini. Sinia likiwa kubwa, wawili wakajaza matonge huku wanane wakilamba vidole, hilo ni tatizo jingine kabisa, na dawa yake ni nyingine. Nchi inaweza kupunguza la kwanza na kukuza la pili kwa wakati mmoja. J. M. Kariuki, mbunge wa Kenya aliyeuawa Machi 1975, anakumbukwa kwa kuonya kuhusu nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Ukiisikiliza vizuri kauli hiyo, haisemi Kenya ilikuwa haina kitu. Inazungumzia matonge.

Wachumi wana kipimo cha matonge hayo, kinaitwa Gini. Kinaanzia 0, ambapo kila mtu ana sawa na mwenzake, hadi 1, ambapo mmoja kachukua vyote. Afrika Kusini ipo karibu na 0.63, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, ingawa si nchi maskini kwa viwango vya bara hili. Tuishie hapo na hesabu hiyo. Ukiizidisha inaleta usingizi.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe: kuwajibika.

Umepanga chumba. Masika yamefika na paa linavuja juu ya kitanda. Mvua haikunyesha kwa amri ya mwenye nyumba, na ukimlaumu kwa mvua, majirani watakucheka. Lakini kuna maswali matatu ambayo hayahusu mvua. Je, bati alilichomoa mwenyewe akaenda kuezekea banda lake? Hapo amesababisha. Je, aliliona tundu miaka mitatu iliyopita, akaendelea kuja kila mwezi kukusanya kodi bila kutazama juu? Hapo ameachia. Na kama tundu lilitobolewa na mwenye nyumba wa zamani, huyu kainunua nyumba juzi tu? Hata hivyo kuziba ni kwake, kwa sababu kodi anapokea yeye. Hapo ana wajibu, hata kama hana hatia.

Kiswahili kimetufanyia wema hapa, maana kodi ya chumba na kodi ya serikali ni neno lilelile. Mzee wa kwenye daladala alikuwa akijibu swali la kwanza tu: serikali haikuchomoa bati lako. Kijana alikuwa akiuliza la tatu: kodi anachukua nani? Wangeweza kubishana hadi Mbagala na kurudi.

Waimbaji wengi nao huchanganya maswali hayo matatu ndani ya ubeti mmoja, na siwalaumu, maana ubeti una mistari michache. Lakini sisi wasikilizaji tuna nafasi ya kuyatenganisha. Tuanze na pale ambapo bati lilichomolewa kweli, kwa sahihi na muhuri.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilichapisha waraka wa sera unaojulikana kama Sessional Paper Namba 10. Ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Kama hesabu ya duka, haina kosa. Kama sera ya taifa, maana yake ni kwamba aliyekuwa na reli na shule tangu enzi za mkoloni aliongezewa, na wa Turkana, Wajir au Mandera, kule kaskazini, aliambiwa asubiri faida imfikie. Mkoloni ndiye aliyetoboa tundu la kwanza, ndiyo. Ila uamuzi wa kupeleka bati jipya upande usiovuja ulifanywa baada ya uhuru. Ushahidi kwamba serikali yenyewe ililijua hilo umo ndani ya Katiba ya mwaka 2010: Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, ya maji, barabara, zahanati na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa muda wa miaka 20. Mtu haundi hazina ya kusawazisha kitu kilichokuwa sawa.

Mahali pa pili ni kodi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyimbo za miaka hii zinapopata hasira yake. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Pendekezo hilo lilitupwa kabla ya muswada kupigiwa kura ya mwisho, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada wote, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni. Kwa nini mkate uwashe moto wakati kodi ni "sawa kwa wote"? Chukua mfano wa kubuni. Nyumba mbili, kila moja inanunua mikate ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Kodi ya asilimia 16 ni shilingi 480 kwa kila nyumba. Nyumba ya kwanza ina kipato cha shilingi 15,000: imetoa asilimia 3.2 ya kila ilichonacho. Ya pili ina shilingi 300,000: imetoa asilimia 0.16. Ni risiti ileile na kiasi kilekile, lakini uzito umepishana mara ishirini. Waziri akisema kodi haibagui anasema kweli kuhusu risiti. Anayeimba kwamba imemkandamiza anasema kweli kuhusu mfuko wake.

Rushwa hufanya kazi kwa hesabu hiyohiyo, na ndiyo maana wimbo wa Mkenya Eric Wainaina wa mwaka 2001, "Nchi ya Kitu Kidogo", ni wimbo wa kukosekana kwa usawa hata kama watu wanaukumbuka kama wimbo wa rushwa tu. Kitu kidogo hakipimwi kwa kipato cha mtoaji. Anayetafuta kitambulisho kwa ajili ya kibarua na anayetafuta hati ya kiwanja cha pili wakidaiwa kiasi kilekile, mmoja ametoa chenji, mwingine ametoa chakula cha wiki. Ni kodi ya tatu, isiyo na risiti.

Lakini je, serikali inawajibika kisheria au ni maneno ya majukwaani tu? Kwenye swali hili Kenya na Tanzania zinaachana, na wengi hawajui.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 43, inamhakikishia kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Ibara ya 21 inaitaka serikali kuzitimiza hatua kwa hatua. Maneno "hatua kwa hatua" hutumiwa kama mto wa kulalia, kana kwamba yanamaanisha "siku moja, Mungu akipenda". Kumbe Ibara ya 20(5) imeuvuta mto huo: serikali ikidai haina fedha, ni juu yake kuthibitisha kwamba hazipo. Mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba zipo. Ni kama mwenye nyumba aliyesema hana pesa ya bati kuambiwa na mjumbe, haya, tuoneshe daftari la kodi.

Kwetu Tanzania maneno ni mazuri vilevile. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema lengo kuu la serikali ni ustawi wa wananchi, na kwamba serikali itawajibika kwao. Ibara ya 9 inataka utajiri wa taifa uelekezwe zaidi kwenye kuondosha umaskini, ujinga na maradhi, wale maadui watatu tuliowakariri shuleni. Halafu rudi nyuma kidogo, Ibara ya 7(2): mahakama haina uwezo wa kuamua kama serikali imetimiza au haijatimiza masharti ya sehemu hiyo. Yaani deni limeandikwa, mdaiwa amekiri, ila hakuna hakimu wa kulisikiliza. Mimi husoma vifungu hivyo viwili pamoja kila ninapojiuliza kwa nini mashtaka mengi ya aina hii hapa kwetu yanaishia kuwa na mdundo na kiitikio.

Zipo dhana chache zinazojirudia, nizipitie.

Ya kwanza ni kwamba wimbo wa namna hii ni uchochezi. Kukosoa, kukashifu na kuchochea ni vitu vitatu. Kusema bajeti imewasahau wakulima ni kukosoa. Kumtaja mtu kwa jina kwamba ameiba, bila ushahidi, kunaweza kuwa kashfa, na hilo lina njia yake mahakamani. Rapa wa Kenya, King Kaka, alipotoa "Wajinga Nyinyi" Desemba 2019, kuna mwanasiasa aliyetishia kumpeleka huko. Kuita watu wakachome nyumba ya jirani ni kuchochea. Katiba ya Kenya, Ibara ya 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanii kwa jina lake, na inatoa nje ya ulinzi huo propaganda za vita, uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Kumuudhi kiongozi hakumo katika orodha hiyo.

Ya pili: "Anailalamikia serikali, suluhisho hana." Daktari hakuulizi dawa unayoitaka kabla ya kusikiliza panapouma. Na mara nyingine suluhisho likiletwa huharibu wimbo. Sijawahi kusikia kiitikio kizuri kuhusu mgawanyo wa ruzuku.

Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi: kwamba wanamuziki hawa hulaumu serikali peke yake. Nenda kazisikilize tena. "Ndio Mzee" ya rapa wa Tanzania, Professor Jay, ya 2001, ni mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizowezekana jukwaani, lakini kichekesho chake kimekaa kwenye kiitikio, pale umati unapoitikia ndiyo kwa kila kitu. Jina lenyewe la "Wajinga Nyinyi" haliwatukani mawaziri. Linawatazama wapiga kura machoni. Na kitu kidogo cha Wainaina kina mikono miwili, wa kupokea na wa kutoa. Nyimbo zilizodumu katika lugha yetu ni zile zilizomfanya msikilizaji acheke, kisha ajiangalie. Zile za kupiga kelele kwamba wao ni wezi na sisi ni malaika hazimalizi hata msimu.

Hilo halifuti wajibu wa serikali. Umati uliosema "ndio mzee" haukukusanya kodi wala kuandika bajeti. Umekosa jambo moja, aliye jukwaani amekosa jingine, na makosa hayo hayalingani uzito.

Ya nne: kwamba wimbo huangusha serikali. Wanaoamini hivi ni wa aina mbili, mashabiki na wakuu wa usalama. Mwaka 2002 wimbo "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ulichukuliwa na upinzani wa Kenya, ukaimbwa kila mkutano, na Desemba ile chama tawala, KANU, kikaondoka madarakani baada ya miaka 39. Lakini vyama vya upinzani vilikuwa vimeungana chini ya muungano wa NARC, na Rais Moi alikuwa amefika mwisho wa vipindi alivyoruhusiwa na katiba. Wimbo uliwapa watu waliokwisha kuamua namna ya kutambuana barabarani. Baada ya uchaguzi ule pengo lilibaki palepale, na waimbaji wengine wakaendelea kulitungia. Hata Professor Jay mwenyewe aliingia bungeni, akiwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, na nadhani alikuta huko kwamba swali la bajeti halina mdundo.

Serikali zenyewe huziogopa nyimbo kuliko ushahidi unavyoruhusu. Tarehe 26 Machi 2017 rapa wa Tanzania, Nay wa Mitego, alikamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Kesho yake Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, na waziri wa habari akafikisha ushauri wake kwamba msanii auboreshe, aongezee na maovu mengine kama ukwepaji wa kodi. Ndani ya saa chache wimbo ulitoka kuwa kosa hadi kuwa rasimu yenye mhariri Ikulu. Watu walishangilia, na mimi nilicheka pia. Baadaye nikajiuliza: kama ruhusa ya kuimba imetoka kwa mtu mmoja siku ya Jumatatu, Jumanne itatoka kwa nani?

Siku tisa baadaye, usiku wa Aprili 5, rapa mwingine, Roma Mkatoliki, na wenzake walichukuliwa studio jijini Dar es Salaam na watu ambao lugha ya wakati ule iliwaita "watu wasiojulikana". Walipatikana siku ya tatu. Nigeria walikuwa wametutangulia kwa msemo huo: wanajeshi walipoivamia na kuichoma nyumba ya mwanamuziki Fela Kuti mjini Lagos, Februari 18, 1977, uchunguzi wa serikali uliishia kumtaja askari asiyejulikana.

Hapo ndipo ninapotamani yule mzee wa kwenye daladala angekuwa bado yupo kwenye kiti chake, kwa sababu yale maswali ya paa yanafanya kazi hapa bila kubadilisha neno. Nani aliwachukua Roma na wenzake ni swali la kwanza, la aliyechomoa bati. Nani alipaswa kuwalinda ni swali la tatu, na ili kulijibu si lazima umjue aliyewachukua.